Katoni Mbele ya Radiatere

Ninyi mnaofungua moteri siku hizi, mkikwama mnaiuliza simu. Sisi tulimuuliza aliyetutangulia, naye alijibu haraka, maana aliyechelewa kujibu alionekana hajui kazi. Nawaandikia habari ya jibu moja la haraka namna hiyo. Nililipokea Beni, nikalihamishia Butembo, nikaishi nalo miaka mingi, na mpaka leo kichwa changu hakijatulia juu yake. Msingoje niwaeleweshe kila kitu. Nitawaambia nilichoona na nilichoharibu.

Naitwa Paluku. Shule niliiacha darasa la tano. Siku moja lori liliharibika mbele ya shule yetu, nikatoka kwenda kuangalia miguu ya fundi iliyokuwa imetokeza chini yake, nikitaka kujua mikono yake inafanya nini huko nisikoona. Lori lilipopona nilipanda juu ya mizigo, nikashukia Kasindi. Mwalimu bado ananingoja. Kasindi nilipakua unga, Kyavinyonge nilikausha samaki, Oicha nilipasua mbao, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kujua kesho kutakuwa na nini, ndipo nikaondoka. Magari tu ndiyo yaliyonishika, kwa sababu ndani ya gari sijawahi kujua kesho kutakuwa na nini.

Aliyenifundisha ni mzee Katembo wa Beni. Alikuwa na tabia ya kushika bolti zote mdomoni wakati wa kufungua, zisipotee kwenye mchanga. Kwa hiyo alizungumza akiwa amefunga meno, na hukuweza kujua kama amekasirika au ana bolti nne. Radiatere ya kwanza niliyobadilisha mbele yake, niliziba matundu yake kwa vitambaa ili vumbi lisiingie, kisha nikaifunga na vitambaa vyake humo humo. Gari lilichemka kabla halijatoka uwanjani. Mzee alipovivuta vile vitambaa, kimoja kimoja, alitema bolti moja tu.

“Paluku, uliivalisha soksi?”

Siku ile ile alinionyesha kalorsta. Ni kidude cha shaba kinachoenea kwenye kiganja. Kinakaa ndani ya kikombe cha chuma, pale mpira wa maji kutoka chini ya radiatere unapoingia kwenye moteri. Moteri ikiwa baridi, kinafunga, maji yanazunguka ndani ya moteri tu mpaka yapate moto. Yakishapata moto kinafungua, na maji yanapita kwenye radiatere kupoa. Mzee alikichomoa kwa bisibisi, akakirusha kwenye majani.

“Iyi ni ya Bazungu,” akasema. “Kwabo kuko baridi. Huku inatufungia mayi bure. Kila mara unaweka radiatere, ondoa iyi kitu.”

“Na Butembo, muzee? Asubuyi kule batu banavaa makoti.”

Akatoa bolti zote mdomoni, akazishika mkononi, akaniangalia.

“Tuko Beni,” akasema. Kisha akazirudisha.

Nilikiokota kile kidude kwenye majani kwa sababu kilikuwa kizuri, kina springi katikati na visahani viwili, kikubwa juu na kidogo mkiani. Nilijiuliza kile kidogo cha mkiani ni cha nini. Sikumuuliza mzee. Alikuwa na bolti.

Miaka ikapita, nikahamia Butembo, nikafungua garaje yangu kwenye barabara ya kushuka kuelekea sokoni. Kila gari lililokuja kubadilisha radiatere nililiondolea kalorsta, na sikuzitupa kama mzee. Niliziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wenzangu wote Butembo walifanya hivyo hivyo. Basi sikilizeni kilichotokea. Butembo iko juu, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, na moteri isiyo na kalorsta haipati moto. Inakohoa, inakunywa mafuta, inatoa moshi mweupe. Kwa hiyo mashofere walikuwa wanakata katoni ya sabuni au ya biskuti na kuichomeka mbele ya radiatere, upepo wa baridi usiingie. Ukianza kushuka kwenda kwenye joto, Kasindi au ziwani, unasimama, unaitoa. Aliyesahau kuitoa alichemka, na sisi tulimcheka. Shofere akisimama njiani na boneti wazi, waliompita walimpigia kelele moja tu: “Katoni!”

Mnaona? Tulitoa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya baridi, kisha tukakata makatoni kwa sababu ya baridi. Hata mimi nilikuwa nakata. Mtu anayependa kuuliza ana kasoro yake: anakimbilia kisichojulikana kilicho mbali, na kile anachokikanyaga anakiacha.

Kabla ya kuendelea, niwape kazi yenyewe, maana wengine wenu mnasoma kwa ajili hiyo. Usifungue kifuniko cha radiatere ikiwa ya moto, hata kama mwenye gari anakuharakisha, yeye hatoungua. Radiatere ya kubadilisha, hata ikija na nailoni yake, ijaribu kwanza: ziba matundu, izamishe kwenye pipa la maji, sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli, tazama mapovu. Mpira wa maji ukikataa kuingia usiupige, upake sabuni. Vile vipande vya mpira vinavyokaa chini ya radiatere usivitupe kwa kuwa vimechakaa; bila hivyo radiatere inatetemeka na kupasuka baada ya mwezi, na utaambiwa uliuza mbovu. Ukijaza maji, pua ya gari iangalie juu, kifuniko kiwe wazi, moteri izunguke polepole, na wewe uminye mipira kwa mkono kama mtu anayekamua. Hewa itatoka ikilia. Usiondoke mpaka inyamaze.

Hayo yote nilikuwa nayafanya vizuri. Ndiyo maana nilichanganyikiwa.

Mama Masika alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Kamioneti yake ilishuka Kyavinyonge mara mbili kwa wiki, ikapakia tilapia, ikapanda mpaka Butembo. Ni mlima mrefu. Unatoka kwenye joto la ziwa, unapanda na mzigo mpaka Kyondo kwenye ukungu, na samaki hawasubiri. Shofere wake aliitwa Muhindo, mtu mpole, mnene, aliyemsimamia mtoto wa mwisho wa Mama Masika kwenye ubatizo. Radiatere ya kamioneti ilikuwa inavuja chini. Muhindo alikuwa anaongeza maji njiani, anaendelea, bila shida nyingine. Mwishowe Mama akachoka na madimbwi mbele ya depo yake ya samaki, akaniita. Tulipata radiatere ya pili Kasindi, iliyotoka kwenye gari lililoanguka. Nikaijaribu kwenye pipa, nikaifunga, nikaondoa kalorsta, nikaitia kwenye kopo.

Safari ya kwanza kamioneti ilichemka kwenye mlima.

“Katoni,” nikasema.

“Niliitoa Kyondo, fundi,” akasema Muhindo. “Mbele ya kushuka. Niliitia nyuma ya kiti.”

Safari ya pili ikachemka. Ya tatu, samaki waliharibika, ikabidi watupwe wote bondeni. Mama Masika alikuja garaje akiwa amevaa bado nguo ya misa, na Muhindo nyuma yake.

“Fundi Paluku, niambie kweli. Radiatere iko muzuri?”

“Iko muzuri, Mama. Niliipima ndani ya pipa. Hapana povu hata moja.”

“Donc, basi, ni nini inachemusha?”

Niliangalia kamioneti. Katoni ilikuwa nyuma ya kiti, mahali pale pale alipopataja. Lakini ingeweza kuwekwa pale baada ya kuchemka. Sikuwa na jibu lingine, na nilikuwa na haraka ya kuwa na jibu.

“Kuko kitu inazuia upepo,” nikasema. “Mimi minaona ni katoni.”

Mama akamgeukia Muhindo, akanyoosha mkono. Muhindo hakubisha. Aliniangalia mimi.

“We ndiye unajua gari,” akasema. “Kama unasema ni katoni, basi ni katoni.”

Akatoa ufunguo, akaupangusa kwenye shati, akamwekea Mama mkononi. Baada ya wiki mbili nikasikia amehamia Mbau, kwa wakwe zake, analima na kuuza ndizi barabarani. Kusema kweli nilisikitika kidogo, kisha nikafungua gari lingine.

Shofere mpya alikuwa Saidi, wa Beni, kutoka familia ya Waislamu ambao wote ni watu wa usafiri. Baba yake alikuwa shofere, ndugu zake wanne mashofere, na yeye alikuwa mkondefu, mwenye maneno, asiyekubali kusingiziwa. Habari za Muhindo alizijua kabla hajapanda. Kwa hiyo kila akifika Kyondo alishuka, akaipiga picha pua ya gari kwa simu, radiatere wazi, yeye pembeni ameshika katoni kama mtu aliyeshika samaki mkubwa, akamtumia Mama Masika.

Kamioneti ikachemka.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kweli. Nilibadilisha kifuniko. Ikachemka. Nilibadilisha pompi ya maji. Ikachemka. Nikatafuta radiatere mpya kabisa, iliyofungwa kiwandani, nikaifunga, na katoni yake Saidi akaikata akaiweka mbele asubuhi, akaitoa Kyondo, akapiga picha. Ikachemka mahali pale pale, kwenye kona ya jiwe jeupe. Butembo mjini ilizunguka siku nzima bila neno. Ilishuka bila neno. Ikipanda tu na mzigo, inachemka. Mama Masika akampeleka Padri aibariki, na Padri akainyunyizia maji boneti na magurudumu. Ikachemka.

“Mayi ya Padri yenyewe haikuchemka,” Saidi akaniambia. “Ni ile yako tu.”

Nilianza kulala vibaya. Nilifikiri labda ni maji ya ziwa, labda ni gasketi ya kichwa, labda mlima umeongezeka. Msicheke. Mtu asiyeelewa anapita kila mahali.

Kisha Mama Masika akaja tena garaje, akanikuta na Saidi. Safari hii hakukaa.

“Saidi,” akasema, “siku ya ine unashuka. Ikichemka tena, ukifika hapa unanipa fungulo. Mi siwezi kuendelea kutupa samaki ya watu. Ama ni weye, fundi?”

Aliniuliza mbele ya Saidi. Radiatere ilikuwa mpya, pompi mpya, kifuniko kipya. Kila nilichogusa kilikuwa sawa.

“Kazi yangu iko sawa, Mama,” nikasema.

Saidi alicheka kwa pua, bila kufungua mdomo. “Basi ni mimi,” akasema. “Ni mimi minapuliza moto ndani.”

Kesho yake nilimwomba nipande naye. Ninyi msidhani ilikuwa wema. Nilitaka kuona tu. Miezi yote ile nilikuwa nasimuliwa kamioneti inachemka, na sijawahi hata siku moja kukaa ndani yake ikichemka.

Tukashuka Alhamisi asubuhi, siku ile aliyoitaja Mama. Tulipofika Kyondo Saidi alisimama, akatoa katoni, akataka kupiga picha.

“Ya nini? Mimi niko,” nikasema.

“We ndiye ulisema ni katoni, muzee. Simama hapo, ingia ndani ya picha.”

Nikaingia ndani ya picha, nimeshika katoni.

Kyavinyonge tulipakia, tukaanza kupanda jua likiwa kali. Niliangalia sindano ya joto kama mtu anayeangalia mgonjwa. Ilikaa chini, ikakaa chini, kisha kabla ya kona ya jiwe jeupe ikaanza kupanda, bila haraka, kama inayojua njia. Kwenye kona mvuke ukatoka. Saidi akasimamisha, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akazima moteri. Akakaa kwenye jani la mgomba, akavuta ufunguo, akaanza kuuzungusha kidoleni.

Nilifungua boneti. Nikaweka kiganja chini ya radiatere, nikitegemea kuungua.

Ilikuwa baridi.

Niliutoa mkono, nikaupuliza, nikaurudisha. Baridi kama chupa iliyotoka ndani ya maji. Nilidhani mkono wangu umekufa.

“Saidi, kuya uguse hapa.”

Akagusa. “Iko baridi.”

“Moteri inachemka, radiatere iko baridi.”

“Donc imeziba.”

“Ni mpya.”

“Hata mupya inaweza kuziba. Si ni weye unavalishaka soksi?”

Kwa hiyo ile habari ilikuwa imenifuata kutoka Beni. Tulingoja ipoe. Nikafungua mpira wa chini, maji yakatoka kwa nguvu, yakatulowesha miguu. Haikuziba. Nikakaa chini kando ya mpira ule. Nawaambia ukweli, sikuwa na wazo lolote kichwani. Radiatere nzuri, pompi nzuri, njia wazi, na maji hayapiti. Nilikuwa kama mtu anayekuta mlango uko wazi na watu wamesimama nje hawaingii.

Saidi ndiye aliyeuliza. Aliuliza kama polisi wa kizuizi anayekuomba karatasi moja moja.

“Mbele ya kuweka radiatere ya kwanza, iyi gari ilikuwa inachemka?”

“Ilikuwa inavuja.”

“Minauliza kuchemka.”

“Hapana.”

“Siku ile uliweka nini?”

“Radiatere.”

“Uliondoa nini?”

“Radiatere.”

Nzi walikuwa wameanza kuja kwa ajili ya samaki.

“Na kalorsta,” nikasema.

“Ni nini ile?”

“Ni kitu ya Bazungu. Ya baridi. Tunaiondoaka kwa gari zote.”

“Gari yote si ni ya kule kwabo?” Saidi akasema. “Ju ya nini usiondoe na usukani?”

Nikachukua kle ya kufungulia bolti, nikafungua kile kikombe cha chuma kinachokuwa nyumba ya kalorsta, nikaingiza kidole. Chini kabisa, upande wa ndani, kulikuwa na tundu dogo. Nilikuwa nimeliona mara nyingi. Nilikuwa nimelipangusa kwa kitambaa. Nikaingiza kidole ndani yake, na kidole kikageuka kurudi kwenye moteri. Haliendi kwenye radiatere. Linarudi kwenye moteri.

Nilikumbuka kisahani kidogo cha mkiani, kile nilichoogopa kumuuliza mzee Katembo. Kalorsta ikipata moto, sahani kubwa inafungua njia ya radiatere, na papo hapo kile kidogo kinashuka na kuziba hili tundu. Milango miwili, ufunguo mmoja. Ukiikosa, milango yote miwili inabaki wazi, na maji yanachagua njia fupi. Yanazunguka ndani ya moteri yakizidi kupata moto, na radiatere inakaa mbele imepoa kama mgeni ambaye hakuletewa chakula.

Mjini, bila mzigo, maji kidogo yanayopita kwenye radiatere yanatosha. Kwenye mlima hayatoshi. Hilo nilielewa. Sielewi mpaka leo kwa nini gari nyingine ambazo niliziondolea hazikuchemka hata siku moja. Nimefungua baadhi, nikakuta hazina tundu lile. Nyingine nimekuta zinalo, na hazichemki. Anayejua aje anieleze, nipo.

Kalorsta ya kamioneti ilikuwa Butembo ndani ya kopo. Nikavua sandali yangu ya mguu wa kushoto, zile za tairi, nikamwomba Saidi kisu chake cha kamba. Nikakata kisiginoni kipande cha mviringo, nikakichonga, nikakigongea ndani ya tundu kwa mpini wa nyundo mpaka kikakataa kutoka. Tukachota maji kijitoni, tukajaza. Pua ya gari ilikuwa tayari inaangalia juu, kazi ya mlima. Nikaminya mipira, hewa ikalia, ikanyamaza.

Tukapanda. Saidi hakuniangalia, mimi sikumwangalia, wote wawili tuliangalia sindano. Ilifika katikati, ikakaa. Tukapita kona moja, mbili, tukapita mahali ambapo Muhindo alitupa samaki. Ikakaa. Nikatoa mkono dirishani, nikaona ukungu wa Kyondo unakuja.

“Muzee,” akasema Saidi, “huko chini ya mguu ulikuwa na dawa tangu zamani.”

Tulifika Butembo alasiri, tumechelewa. Mama Masika alikuwa amesimama mbele ya depo, mikono kiunoni. Saidi akashuka kabla yangu, akamwendea, akamnyooshea ufunguo.

“Mama, ilichemka,” akasema.

Angeweza kunyamaza. Sindano ilikuwa katikati, samaki walikuwa wazima. Lakini alikuwa amekubali masharti mbele yetu, naye alikuwa mtu wa kutosingiziwa, na nadhani watu wa namna hiyo nao hawadanganyi. Mama akapokea ufunguo. Nikashuka nikiwa na sandali moja kwenye tope.

“Mama, mrudishie,” nikasema. “Si ya yeye. Ni ya mimi. Siku ya kwanza nilitoa kitu ndani, nikasema haifai. Ndiyo inachemusha. Radiatere zote zile tulinunua bure.”

Nilingoja anitukane. Alinitazama mguu uliokuwa peku, kisha uso.

“Na Muhindo?” akauliza.

Nikavua sandali iliyobaki.

“Muhindo alishika mutoto yangu ubatizo,” akasema. “Nilimutoa kama mwizi. Juu ya midomo yako.”

Akamrudishia Saidi ufunguo bila kumwangalia. “Kesho unapeleka huyu Mbau,” akamwambia. “Aende aseme na midomo ile ile.”

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilimwaga kopo la maziwa mezani. Sikujua ipi ni ya kamioneti. Nikachemsha maji kwenye sufuria, nikazifunga uzi zile zinazofanana nayo, nikazizamisha moja moja. Hivyo ndivyo inavyopimwa, mkumbuke: ikifungua polepole maji yanapokaribia kuchemka, na kufunga ikitolewa, iko hai. Ikikaa imefungwa, hiyo ndiyo ya kutupa, si nyingine. Nilikaa nikizitazama zikifungua midomo kwenye maji, zote nzima, nilizowatolea watu magarini mwao. Nikapata iliyoenea, nikatoa kisigino changu ndani ya tundu, nikaifunga. Asubuhi moteri ilipata moto yenyewe ndani ya ukungu, Saidi amekaa na katoni magotini hajui aiweke wapi. Akaiacha garaje.

Tulimkuta Muhindo kando ya barabara Mbau, nyuma ya meza ya ndizi. Alikuwa amekonda. Alipoona kamioneti alisimama, akashuka barabarani, akaigusa boneti kama mtu anayegusa ng'ombe wake wa zamani.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikichora mavumbini tundu na sahani mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia pia Mama Masika anasema arudi, kama anataka. Akamwangalia Saidi aliyekuwa ndani, mikono kwenye usukani.

“Huyu ako na fungulo,” akasema. “Acha ashike.”

Kisha akanirudia mimi.

“Donc haikuwa katoni.”

“Haikuwa katoni.”

“Unajua, Paluku, hata mimi nilianza kukubali. Muke yangu alisema, labda ulisahau. Nikawaza, labda nilisahau. Fundi hawezi kudanganya. Nilienda kwa Padri, nikaungama kwamba nilisema uwongo juu ya katoni. Akanisamehe.”

Alikaa tena nyuma ya meza yake. Mteja alisimama, akauliza ndizi, akaondoka bila kujibiwa. Muhindo alikuwa anaangalia mchoro wangu kwenye mavumbi, na alisema polepole, si kwangu, kama mtu anayehesabu vidole vyake na kuvikuta vyote:

“Nilikuwa naitoa. Kila siku, pale Kyondo, nilikuwa nashuka, naitoa.”